Ndege Nyembamba, Bahari Pana

Mwezi wa Oktoba 2004, katika kiwanda cha Renton, jimbo la Washington, mafundi wa kampuni ya Boeing walimaliza kuunda ndege ya mwisho ya aina ya 757, ya 1,050 katika ukoo huo, na kiwanda kikageuziwa kazi nyingine bila ya matanga. Wanunuzi walikuwa wamekwisha kuipa kisogo. Mashambulio ya Septemba 2001 yalikuwa yamewapukutisha abiria, mashirika makubwa ya Marekani yalikuwa yakihangaika mahakamani kwa kufilisika, na chombo chenye injini za nguvu kupita haja ya safari za saa mbili kilionekana kuwa ni israfu. Haikupita miaka mingi, mashirika yale yale yaliyokuwa yamekikataa yakawa yanazikarabati 757 zao kuukuu, yakizitia viti vipya na kuzivusha bahari ya Atlantiki kila usiku, huku yakiuliza, kwa sauti iliyozidi kupanda mwaka baada ya mwaka, ni nani atakayewaundia mrithi wake.

Ndege ninayoikusudia katika makala haya ni ile yenye ujia mmoja tu ndani yake, viti vitatu kuume na vitatu kushoto, ya jamii ya Boeing 737 na Airbus A320, ambayo asili yake ni kutumika kwa safari fupi, lakini imeongezwa mafuta, nguvu na ruhusa za kisheria hata ikaweza kukaa angani saa nane, tisa au zaidi. Wanaoisifu huisifu kwa masafa yake, na matangazo ya waundaji huchora mistari mirefu juu ya ramani, kutoka Roma hadi New York, kutoka London hadi Delhi. Rai yangu ni kwamba sifa hiyo imewekwa pasipo mahali pake. Ndege za kwenda mbali zipo tele, na zimekuwapo kwa zaidi ya nusu karne; kilichokuwa adimu ni chombo cha kwenda mbali kikiwa na watu wachache bila ya kumtia mwenyewe hasarani, na soko lote linalozungumzwa leo limejengwa juu ya uadimu huo.

Jambo lenyewe si geni hata kidogo. Comet 4 ya shirika la BOAC ilipovuka Atlantiki na abiria waliolipa nauli tarehe 4 Oktoba 1958, na Boeing 707 ya Pan American ilipoifuata tarehe 26 ya mwezi huo huo kutoka New York kwenda Paris, zote mbili zilikuwa nyembamba, kwa kuwa hapakuwa na nyingine. Afrika Mashariki nayo ilikuwa na zake. Shirika la East African Airways lilipokea Comet 4 mwaka 1960, zikawa zinakwenda London kwa kutua njiani kutia mafuta. Na kuanzia 1966 likapokea Super VC10, ndege ya injini nne zilizokusanywa mkiani, iliyobuniwa makusudi kwa ajili ya viwanja vya joto na vya nyanda za juu kama Nairobi na Johannesburg, ambako wepesi wa hewa huipunguzia ndege nguvu wakati wa kuruka. Ndani ya VC10 palikuwa na ujia mmoja. Wazee waliosafiri nayo kwenda masomoni Uingereza hawakujua kwamba wanasafiri katika ndege nyembamba, kwani neno hilo lilipata maana mwaka 1970, Boeing 747 ilipoanza kazi, na tangu hapo masafa marefu yakawa milki ya ndege za mwili mpana.

Milki hiyo ililindwa na sheria pia. Kanuni ya Marekani ya miaka ya 1950 ilikataza ndege ya injini mbili isiwe mbali na kiwanja cha kukimbilia kwa zaidi ya mwendo wa dakika 60 kwa injini moja, na kwa hiyo katikati ya bahari kukawa kwa wenye injini tatu au nne peke yao. Mwaka 1985 dakika hizo zikaongezwa kuwa 120, na 1988 zikawa 180, baada ya injini za kisasa kuthibitisha kwamba ni amini. Boeing 757, iliyoingia kazini Januari 1983 kwa safari za ndani ya Marekani, ikajikuta imefunguliwa mlango ambao haikuundwa kwa ajili yake.

Aliyeuingia mlango huo kwa ghera kubwa ni shirika la Continental, lililokuwa na makao yake ya kaskazini-mashariki katika uwanja wa Newark, karibu na New York. Badala ya kushindana na wakubwa katika njia ya London, ambako kila saa ilikuwa na ndege yake, Continental lilizipeleka 757 katika miji ya daraja la pili: Bristol, Birmingham, Belfast, Edinburgh, Hamburg. Katika miji hiyo hapakuwa na abiria 300 wa kila siku waliotaka kwenda New York, lakini walikuwapo 150, na 150 hao walikuwa wamechoka kupandishwa ndege ndogo hadi London, kuburuta mizigo kutoka jengo hili kwenda jengo lile, na kungoja saa tatu. Walikuwa radhi kulipa ili wasipitie huko. Hii ndiyo siri ya soko lote kwa ufupi wake.

Dosari ya 757 ilidhihirika wakati wa baridi. Pepo za juu za Atlantiki ya Kaskazini huvuma kutoka magharibi kwenda mashariki, na katika majira ya baridi huzidi ukali, hata ndege inayorudi Marekani huwa kama inayopanda mto. Mwishoni mwa 2011 na mwanzoni mwa 2012 pepo hizo zilivuma kwa namna isiyo ya kawaida, na makumi ya safari za 757 kutoka Ulaya zililazimika kutua Gander au Goose Bay, viwanja vya baridi kali pembezoni mwa Kanada, ili zitie mafuta kisha ziendelee. Abiria aliyekuwa ameahidiwa safari ya moja kwa moja alikuwa akitazama theluji dirishani, asiruhusiwe kutoka, na kule Newark ndege yake ya kuunganisha ikiondoka bila yeye. Kila anayesoma katika vijitabu vya matangazo kwamba ndege fulani huenda kilomita kadha wa kadha, na akumbuke Goose Bay: masafa ya kitabuni hupimwa pasipo upepo, na upepo haujapata kusoma kitabu.

Tuingie sasa katika hesabu, ambayo ndiyo moyo wa jambo. Katika biashara hii kuna gharama za aina mbili ambazo watu huzichanganya, na kutokana na mchanganyiko huo mashirika yamekufa. Ya kwanza ni gharama ya kiti: jumla ya matumizi ya safari ikigawanywa kwa idadi ya viti. Hapa ndege pana hushinda aghalabu, maana rubani mmoja na msaidizi wake huwapeleka watu 300 kwa mshahara ule ule ambao wangewapelekea 180. Ya pili ni gharama ya safari yenyewe, fedha zinazotoka mfukoni kila ndege inaponyanyuka, imejaa au haikujaa, na hapa ndege nyembamba hushinda kwa umbali mkubwa. Shirika la Iberia la Hispania ni mfano ulio wazi. A321XLR yake ina viti 182, ilhali A330-200 ya shirika hilo hilo ina viti 288. Tukadirie wapo abiria 150 wa kwenda mji fulani kila siku: ndege ndogo itakwenda imejaa kwa asilimia 82, na kubwa itakwenda na viti 138 vitupu, ikichoma mafuta ya kuvibeba. Nafuu ya gharama ya kiti haimfai mtu asiye na wa kukikalia kiti hicho. Ni sawa na aliyekodi basi la watu sitini, kwa sababu kila kiti kilikuwa rahisi, akampandisha humo bibi arusi na mashangazi wake saba.

Njia moja ya kuijaza ndege kubwa ni kushusha nauli mpaka wajitokeze watu, na ndiyo inayotumiwa mara nyingi na ndiyo inayoua polepole, kwa kuwa tarakimu za abiria hupanda kila mwaka, wakubwa wakapongezana, na fedha zikawa hazionekani zilikokwenda.

Boeing waliijua haja hii kabla ya wote, maana 757 ilikuwa ni yao, na kwa miaka kadhaa kuanzia katikati ya muongo uliopita walikuwa na michoro ya ndege mpya ya kati na kati iliyotarajiwa kujaza pengo hilo. Walisitasita. Wakati wakisitasita zikaanguka 737 MAX mbili, ya Indonesia mnamo Oktoba 2018 na ya Ethiopia tarehe 10 Machi 2019, iliyokuwa ikitoka Addis Ababa kuja Nairobi, na katika misiba hiyo miwili wakafariki watu 346, wakiwamo Wakenya 32. Kampuni iliyokuwa ikijitetea mbele ya mabunge na mahakama haikuwa na nafasi wala fedha ya kuunda chombo kipya, na Januari 2020 mkuu mpya, Dave Calhoun, akaamuru michoro ile iwekwe kando na fikra zianzwe upya.

Airbus kwa upande wao hawakuunda ndege mpya, na hapa pana somo la tadbiri ya biashara. Waliichukua A321, iliyokuwa ikiruka tangu miaka ya 1990, wakaitia injini mpya, kisha wakaongeza matangi ndani ya tumbo la mizigo, wakaiita A321LR, yenye masafa ya kilomita 7,400, ambayo ilianza kazi mwishoni mwa 2018 kwa shirika la Arkia la Israeli. Juni 2019, katika maonyesho ya Paris, wakatangaza ya pili, A321XLR, ya kilomita 8,700. Tofauti kubwa ya hii ni tangi la nyuma, lita 12,900, ambalo halikutumbukizwa tumboni kama sanduku, bali limeungwa na kiwiliwili chenyewe, hivyo kwamba ukuta wa ndege ndio ukuta wa tangi. Kwa namna hiyo mafuta mengi yakaenea mahali padogo. Lakini juu ya tangi hilo wamekaa watu, na swali likazuka, ambalo Boeing nao hawakuona haya kulipeleka kwa wasimamizi wa Ulaya: ndege ikiburuzika chini kwa tumbo na moto ukawaka nje, abiria watapata muda wa kutoka kabla moto haujapenya? Wasimamizi wakaweka masharti mapya, Airbus wakaimarisha sehemu hiyo kwa kuongeza kinga na uzito, na ahadi ya 2023 ikawa 2024. Ndege iliporuka mara ya kwanza mjini Hamburg tarehe 15 Juni 2022 uzito wake wa juu wa kuruka ulikuwa umekwisha kuwekwa tani 101, uzito ambao babu yake wa miaka ya 1990 asingeweza kuubeba.

Iberia ilipokea ya kwanza Oktoba 2024, na katikati ya Novemba ikaipeleka Madrid hadi Boston. Oda zilizokwisha kuandikwa zapita 500. American Airlines na United waliagiza 50 kila mmoja, hasa ili kujaza nafasi ya 757 zao. Aer Lingus ya Ireland, Icelandair, IndiGo ya India na Qantas ya Australia wamo katika orodha. Ukiwatazama wote hawa utaona wana jambo moja la pamoja: kila mmoja ana kituo chake kikubwa kinachokusanya abiria kutoka pande nyingi, na anatafuta mji mmoja zaidi wa kukiunganisha nacho.

Wapo waliolielewa soko kinyume. Primera Air, shirika la bei nafuu lenye asili ya Iceland, lilianza kuvuka Atlantiki kwa A321 mwezi wa Aprili 2018, na tarehe 1 Oktoba mwaka huo huo lilikuwa limefilisika. Norwegian ilijaribu kwa 737 MAX kutoka miji ya Ireland na Uskoti mwaka 2017, ikaacha 2019. Frontier ya Marekani iligeuza oda zake za XLR kuwa A321 za kawaida, na Wizz Air ya Hungary, iliyokuwa na ndoto ya kuwapeleka Wazungu wa Mashariki hadi Ghuba kwa nauli ya kutupa, ilifunga kituo chake cha Abu Dhabi mwaka 2025 na kupunguza XLR ilizokuwa imeziagiza. Sababu haifichiki. Shirika la bei nafuu huishi kwa kuirusha ndege moja mara sita kwa siku. Safari ya saa nane huigeuza ndege hiyo kuwa ya mara mbili, na ule ujanja wote wa kugeuza abiria kwa dakika 30 hauna tena pa kufanyia kazi. Fauka ya hayo, abiria wa bei nafuu hana kitu cha ziada cha kuuziwa, ilhali Iberia ina viti 14 vya daraja la juu pale mbele, vinavyolazwa vikawa kitanda, na nauli ya hao 14 hubeba sehemu kubwa ya gharama ya safari. Kwa hiyo nisomapo kwamba haja ya ndege hizi haina mwisho, huuliza ni haja ya nani.

Na raha ya msafiri? Waandishi wa biashara hawaigusi sana. Ujia ni mmoja: toroli la chakula likipita, wa kwenda msalani hungoja, na toroli likirudi, wa kurudi kitini hungoja pia. Kwa saa nane. Lakini mimi naona mtu wa Bristol aliyeepushwa na jengo la kubadilishia ndege London alikwisha kufanya muwazana wake, na hakukosea.

Sasa tuitazame pwani yetu na bara yake, maana swali hili limetugusa kwa njia ambayo hatukuiita kwa jina lake. Mashirika yetu ya taifa yamependa sana ndege pana. Kenya Airways ilipokea Boeing 777-300ER na 787 kwa mfululizo mnamo 2013 na 2014. Na mwaka 2016 ikawa inakodisha 777 tatu kwa Turkish Airlines na 787 mbili kwa Oman Air, baada ya mwaka wa hesabu ulioishia Machi kutoa hasara ya Sh 26.2 bilioni. Insafu yataka tuseme kwamba ugonjwa wa Ebola wa Afrika Magharibi, hofu ya ugaidi na mikataba mibaya ya bei ya mafuta vilichangia, lakini viti vilikuwa vingi kuliko watu, na hilo halikuletwa na Ebola. Uganda Airlines ilinunua A330-800 mbili, kila moja viti 258, ndege ambayo ulimwenguni kote wanunuzi wake huhesabika kwa vidole. Air Tanzania ina 787-8 za viti 262, na tangu Oktoba 2023 ina 737 MAX 9 za viti 181.

Nikichukua ramani na kupima, naona jambo ambalo huwashangaza wengi. Dar es Salaam hadi Mumbai ni kama kilomita 4,700. Zanzibar hadi Muscat ni 3,900, safari ambayo majahazi yaliijua kwa kaskazi na kusi, na ambayo leo yabeba wajukuu wa ndugu waliogawanywa na bahari. Hizi zote zimo ndani ya uwezo wa 737 MAX ya kawaida, isiyo na tangi la ziada. IndiGo huifikia Nairobi kutoka Mumbai tangu Agosti 2023 kwa ndege nyembamba, na flydubai yaja Dar es Salaam, Zanzibar, Mombasa na Entebbe kwa 737. Guangzhou, kwa upande mwingine, i umbali wa kilomita 8,700 kutoka Dar es Salaam, na hiyo ndiyo tamati ya kitabuni ya XLR; mwenye akili hatamwekea abiria dhamana ya Goose Bay ya huko Asia. Kwa hiyo kati ya njia zetu za nje, nyingi hazihitaji ndege hii ya masafa, na moja iliyo ndefu kupita zote haiwezekani kwayo. Inayobaki ni Ulaya.

Na Ulaya ndiko penye dalili za wazi. Wasafiri wa KLM wanaokuja Dar es Salaam kutoka Amsterdam wanazijua: ndege pana hutua kwanza Kilimanjaro, wakateremka watalii na viatu vyao vya kupandia mlima, na wa Dar es Salaam hubaki wamekaa vitini, taa zimewashwa, wasafishaji wakipita kati yao kuokota magazeti na blanketi za waliokwisha kuondoka, mpaka muda utimie waruke tena. Wajerumani nao waliifungua njia ya Frankfurt mwaka 2021 kwa A330 iliyounganisha Mombasa na Zanzibar katika safari moja. Kwa nini shirika liunganishe miji miwili? Kwa sababu hakuna hata mmoja unaoweza kuijaza ndege hiyo peke yake kwa siku zote za mwaka. Hapo ndipo hasa pa ndege nyembamba ya masafa marefu: Zanzibar hadi Frankfurt ni kilomita 6,900, Kilimanjaro ni pungufu ya hapo, na kila mmoja ungepata safari yake isiyo na kituo. Mombasa, ambayo hoteli zake zimelia miaka mingi kwamba mgeni wa Ulaya analazimishwa kupitia Nairobi, ingekuwa na faida kubwa kuliko wote.

Lakini naweka hadhari tatu. Ya kwanza ni mwinuko. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na ndege iliyojaa mafuta ya kwenda London, kilomita 6,850, haitaruka huko na uzito ule ule ambao ingeruka nao Mombasa; ama ipunguze abiria, ama ipunguze shehena. Bahati ni kwamba njia hiyo ina watu wa kujaza ndege pana, na haihitaji dawa hii.

Ya pili ni shehena, nayo ndiyo inayosahauliwa na kila mtu aliyejifunza biashara hii kwa vitabu vya Marekani. Chini ya sakafu ya 787 yaweza kwenda tani kumi na zaidi za bidhaa pamoja na mizigo ya abiria. Maua ya Naivasha, minofu ya samaki wa Ziwa Viktoria, nyama ya mbuzi iendayo Ghuba na parachichi za Njombe vyote hulipa nauli, na havilalamiki juu ya chakula. Katika A321XLR mahali pa shehena hiyo pamechukuliwa na lita 12,900 za mafuta. Na abiria wetu si mwanafunzi wa Boston mwenye begi la mgongoni. Yeye ana masanduku mawili ya kilo 23, la tatu amelilipia kwa shingo upande, na mkononi ana mfuko ambao mhudumu ameutazama mara mbili akaamua kunyamaza. Walioagiza Super VC10 za East African Airways walilijua hili. Zile tano zilitengenezwa na mlango mkubwa wa shehena ubavuni, katika sakafu ya juu ya abiria, ili sehemu ya mbele iweze kubebeshwa mizigo watu wanapopungua. Na shirika lilipovunjika mwaka 1977, jeshi la anga la Uingereza halikukawia kuzinunua zilizosalia nne, likazigeuza kuwa za kubebea mafuta ya kuzitilia ndege nyingine angani. XLR haina mlango wa namna hiyo, na wala haitakuwa nao.

Ya tatu ni ruhusa. Desemba 2024 Umoja wa Ulaya uliiingiza Air Tanzania katika orodha ya mashirika yasiyoruhusiwa kuruka katika anga yake, na Juni 2025 ukayaongeza mashirika mengine yote yenye leseni ya Tanzania. Maadamu zuio hilo lipo, mazungumzo ya ndege ipi iende Frankfurt kwa bendera yetu ni mazungumzo ya barazani. Itakayokwenda itakuwa ya wenyeji wa huko, na faida ya kiti, kama ipo, itakuwa yao, sisi tukibaki na ya hoteli na ya teksi.

Hata ruhusa ikirudi kesho, foleni ipo. Airbus wana maelfu ya oda za jamii ya A320 ambazo hazijaundwa, na injini za aina moja kati ya mbili zinazotumika zilipatikana mnamo 2023 na kasoro katika unga wa metali uliotumika kuunda baadhi ya vyuma vyake, hata mamia ya ndege yakalazwa chini duniani kote yakingoja zamu ya karakana. Anayeagiza leo ataipokea katika muongo ujao, na asiyetaka kungoja atakodi kwa wenye mitaji waliokwisha kuziweka oda zao mapema, kwa bei watakayoitaka wao.

Wenzetu wa Ghuba hawakungoja. Novemba 2025, katika maonyesho ya Dubai, flydubai, iliyokuwa ikirusha Boeing peke yake tangu ilipoanza safari zake 2009, ilitia saini makubaliano ya kuchukua A321neo 150. Watalii wa Ujerumani wanaotaka kwenda Zanzibar tayari hufika Dubai usiku, wakabadili ndege, na asubuhi wakawa katika uwanja wa Kisauni, Zanzibar, wakitafuta masanduku yao. Safari mbili za saa tano sita, zote kwa ndege ambazo hazikuhitaji tangi la nyuma, zimefanya kazi ambayo wengine bado wanaiandikia taarifa. Na kati ya viwanja vyote vya pwani yetu, kutoka Mombasa hadi Dar es Salaam, hakuna hata kimoja kilicho nje ya masafa ya hizo 150.